Mmoja yumo katika mkondo wa vipanga, mwenzake hayumo: nipige kura gani?

*"Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi ya serikali hapa Mwanza. Darasa la tano lina mikondo mitatu, kila mmoja una watoto 82. Mwalimu wa taaluma ameleta pendekezo kwamba kuanzia muhula wa pili watoto 45 walioongoza katika mtihani wa kufunga muhula wawekwe kwenye mkondo wao, wapewe walimu wetu wawili mahiri wa Hisabati na Kiingereza, na waende hivyo mpaka darasa la saba ili shule ianze kupeleka watoto katika shule za vipaji maalumu. Waliobaki watagawanywa katika mikondo miwili. Binti yangu ni wa tatu katika orodha. Anamaliza kazi mapema, kisha anachorachora kwenye madaftari, na mwalimu wake analalamika kwamba ameanza utundu. Lakini ninamlea pia mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye yupo darasa hilohilo. Alihamia mwaka jana kutoka shule ya kijijini na bado anasoma kwa kukokoteza. Jina lake halimo. Nikikubali naona nimemsaliti huyu, nikikataa naona nimemzuia yule. Je, ni haki kuwatenga watoto kwa vipaji? Na binti yangu atapoteza nini akibaki na wenzake?"*

Dada yangu, pole kwa msiba, hata kama siku zimepita. Ninaanza na kura kwa sababu kikao chenu kinakaribia. Kwa namna pendekezo lilivyoandikwa, mimi ningelikataa, na sentensi ileile ya kulikataa ningeimalizia kwa kuleta pendekezo jingine, kwa kuwa tatizo aliloliona mwalimu wa taaluma ni la kweli na halitaondoka kwa kupigiwa kura ya hapana. Darasa la watoto 82 ambalo ndani yake yupo anayesoma gazeti la baba yake na yupo anayehangaika na silabi haliwezi kufundishwa kwa somo moja. Mwalimu hulazimika kuchagua atamfundisha nani, na mara nyingi huchagua bila kujua kwamba amechagua.

Tufanye kwanza hesabu ambayo pendekezo halikuifanya. Mikondo mitatu ya watoto 82 ni watoto 246. Ukiwaondoa 45 wanabaki 201, nao wakigawanywa katika vyumba viwili, kila chumba kitakuwa na watoto 100 au 101. Maana yake ni kwamba kila mtoto aliye nje ya orodha, akiwemo huyo ambaye wewe ni mama yake mdogo, ataongezewa wenzake 18 au 19 wa kugombania nao dawati, kitabu na jicho la mwalimu, na ataongezewa siku ileile anayonyang'anywa mwalimu mahiri. Nafuu ya watoto 45 itakuwa imelipiwa na watoto 201, ambao wengi wao wazazi wao hawatakuwapo kikaoni. Swali la haki limelala hapo, na unaweza kulijibu kabla hata hujaamua kama kipaji ni kitu cha kuzaliwa nacho au la.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi hudhani kosa liko katika kule kuwatenganisha watoto, na mimi sikubaliani nao. Utafiti ninaouamini zaidi katika jambo hili haukufanyika Ulaya wala Marekani. Ulifanyika magharibi mwa Kenya, si mbali na ziwa lilelile mnaloliona ninyi kutoka Mwanza. Mwaka 2005 wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walizifuatilia shule za msingi 121 ambazo darasa lao la kwanza liliongezewa mwalimu mmoja wa mkataba ili ligawanywe mara mbili. Takriban nusu ya shule hizo ziligawa watoto kwa alama zao za mwanzo, wenye alama za juu chumba kimoja na wenye alama za chini chumba kingine, na zilizobaki ziligawa kwa kura. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba nusu ya chini ilipanda pia, na kwamba mtoto aliyeangukia chini kidogo ya mstari hakuwa nyuma ya mwenzake aliyepona kidogo juu ya mstari.

Sababu yake si ya ajabu kwa mtu aliyewahi kushika chaki. Watoto walio chumbani wakikaribiana, mwalimu anaweza kulishusha somo mpaka pale walipo au kulipandisha mpaka pale wanapoweza kufika, badala ya kufundisha wastani ambao haupo ndani ya chumba. Katika chumba cha chini watoto walipata stadi za mwanzo, na katika chumba cha juu walipata zile ngumu zaidi.

Ukimpelekea mwalimu wa taaluma utafiti huu atafurahi, kwa hiyo mpelekee na sehemu yake ya pili. Kule Kenya vyumba viwili vilikuwa na idadi inayokaribiana ya watoto, na nani afundishe chumba kipi, yule wa kudumu au yule wa mkataba, liliamuliwa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyekaa ofisini akasema mwalimu bora aende juu. Hata hivyo, watafiti waliona kwamba walimu wa kudumu walionekana darasani wakifundisha zaidi pale walipopangiwa chumba cha juu. Hilo peke yake linatosha kutuambia kitakachotokea ninyi mkiwapa walimu wawili mahiri wale 45, kisha mkampangia mwalimu wa tatu vyumba viwili ambavyo shule nzima, kuanzia mlinzi wa getini, itakuwa inaviita vya vilaza. Atachelewa kuingia. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa amesoma ujumbe ambao kamati yenyewe imemwandikia.

Mpaka hapa nimeichukulia orodha kana kwamba ni sahihi. Sasa tuiangalie yenyewe, maana hapa ndipo ninapoombwa ushauri mara nyingi na ndipo nilipokosea mwenyewe.

Nilipokuwa bado nafundisha, nilikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyepata alama 9 kati ya 50 katika Hisabati, nami nikamwandikia kwenye ripoti kwamba ni mzito. Wiki chache baadaye nilimkuta stendi, ndoo ya mayai ya kuchemsha mkononi. Abiria mmoja dirishani alichukua mayai 7 na jirani yake 4, kwa shilingi 300 kila moja, wakatoa noti moja ya elfu tano kwa pamoja huku basi likianza kusogea. Kijana aliwarudishia 1,700 kabla sijamaliza kuhesabu kichwani, kisha akakimbilia dirisha lililofuata. Jumatatu nilimwita, nikamsomea kwa sauti maswali ya mtihani uleule. Aliyapata mengi. Tatizo lake lilikuwa kwamba maswali yenye maelezo, yale ya mama aliyenunua maembe kadhaa akamgawia jirani robo, hakuwahi kuyasoma mpaka mwisho. Mtihani wangu wa Hisabati ulikuwa umempima kusoma, na mimi nilikuwa nimeandika neno juu ya akili yake.

Mtoto wa dada yako anasoma kwa kukokoteza. Kwa hiyo alama yake ya Hisabati, ya Sayansi na ya Maarifa ya Jamii, zote ni alama ya kusoma iliyovaa nguo tofauti, na hamjui bado uwezo wake ulipo. Yapo na mengine yanayoingia ndani ya alama bila kuitwa: nani anaenda tuisheni jioni, nani anafika shuleni na chai tumboni, nani alianza darasa la kwanza akiwa na miaka sita na nani akiwa na minane. Kwa mtoto wa miaka kumi, mwaka mmoja zaidi ni sehemu kubwa ya maisha yake yote, na mara kwa mara tunachokiita kipaji ni siku ya kuzaliwa tu.

Wapimaji wakubwa kuliko sisi wameangukia shimo hilihili. Mwaka 1921 Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kukusanya watoto wenye akili nyingi wa California ili awafuatilie maisha yao yote. Walimu walimtajia majina, kisha akawapima. Wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez, walipimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikutosha. Baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Kwa upande wa pili, wilaya ya shule ya Broward huko Florida, ambako watoto waliingia katika madarasa ya wenye vipawa kwa kupendekezwa na walimu au wazazi, iliamua katikati ya miaka ya 2000 kumpa kila mtoto wa darasa la pili jaribio fupi lisilotegemea maneno. Watoto wa familia maskini, watoto Weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliogunduliwa waliongezeka sana, bila kupunguziwa kigezo. Walikuwa wamekaa madarasani siku zote. Hakukuwa na mtu wa kuwataja. Fedha zilipopungua na jaribio likaondolewa, idadi yao ikarudi chini.

Ninayoyasema hayana maana kwamba uwezo wa watoto ni sawa. Si sawa, na mwalimu anayejifanya haoni tofauti anamdhulumu binti yako kila siku ya Mungu. Mtihani mmoja wa shule, uliosahihishwa usiku na mwalimu aliyechoka, unaweza kukuonyesha kwa hakika wachache walio juu kabisa na wachache walio chini kabisa. Pale katikati, unapokatwa mstari wa 45 na 46, unachoma kisu gizani, na pendekezo lenu linataka mkato huo udumu mpaka darasa la saba.

Nije kwa binti yako, ambaye ulimtaja kwa sentensi moja na pengine ndiye aliyekufanya uandike. Umeuliza atapoteza nini akibaki. Akibaki kama alivyo sasa, bila kubadilishiwa chochote, atapoteza kitu, na sitakuficha. Mtoto anayemaliza kila kazi bila jasho hajifunzi namna ya kukaa na jambo gumu. Anapita darasa la tano, la sita na la saba akiamini kwamba akili ni kujua upesi. Kisha anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, anakutana na swali la kwanza maishani ambalo halijui, na anadhani akili zimemwisha. Utundu anaoulalamikia mwalimu ni njaa ya kazi. Kumpa maswali ishirini zaidi ya aina ileile hakumshibishi, kunamwadhibu kwa kuwa mwepesi, na ataanza kufanya polepole makusudi.

Kuna ushauri mwingine utakaopewa kikaoni, kwamba akimaliza awafundishe wenzake. Mara mojamoja ni jambo zuri sana, maana anayeeleza huelewa zaidi. Likiwa ndiyo ratiba yake ya kila siku, tumemgeuza mwalimu msaidizi asiyelipwa wala kufundishwa. Anachohitaji ni mada ileile ya darasa, lakini kwa kina zaidi. Wenzake wakiwa wanajifunza kulinganisha sehemu, yeye na wengine wachache waandikiwe ubaoni pembeni: *tafuta sehemu tatu zilizo kati ya 1/3 na 1/2*. Atatoa 2/5 kwa kubahatisha, atahangaika, atapata 3/8, pengine 3/7. Ndipo mwalimu akipita amuulize: zipo ngapi kwa jumla, nawe utanithibitishiaje? Swali hilo linaandikwa kwa nusu dakika, halihitaji chumba wala mwalimu mpya, na litamshughulisha kipindi kizima. Jaribu leo jioni nyumbani, uone kama atachora madaftari.

Kumrusha darasa nako ni njia, na tafiti za muda mrefu kwa ujumla zimeonyesha kwamba watoto wenye uwezo mkubwa waliorushwa hufanya vizuri kimasomo. Lakini hiyo ni kwa mtoto aliyemaliza kweli mambo ya darasa linalofuata na ambaye mwenyewe anataka. Kuwa wa tatu kati ya 246 hakutoshi kuwa sababu, na wala si uamuzi wa mzazi peke yake.

Kuhusu hizo shule za vipaji maalumu, naona zimekaa katika pendekezo lenu kama bendera juu ya mlingoti. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na hizo mbili za Tabora ni shule nzuri, na mtoto akichaguliwa mpelekeni kwa shangwe. Nafasi zake hata hivyo ni chache mno na zinagombewa na nchi nzima, wakiwemo watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza waliofundishwa tangu chekechea katika madarasa ya watoto thelathini. Kuwapanga upya watoto 246 kwa miaka miwili na nusu kwa ajili ya nafasi ambazo pengine mtapata moja au msipate kabisa ni kama kuuza ng'ombe ili kununua tiketi ya bahati nasibu. (Tabora yenyewe, kwa anayependa historia, ilianzishwa na Waingereza kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere, aliyeingia pale mwaka 1937 kutokea Mwisenge, Musoma, alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na alikuwa pia ameongoza mtihani. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1967, ndiye aliyeandika katika Elimu ya Kujitegemea dhidi ya elimu inayowaandaa wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Basi mjadala huu mnaoufanya Mwanza si mgeni.)

Tena shule yenye jina haitendi miujiza tunayoidhania. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walilinganisha, huko Kenya, wanafunzi walioponea kuingia katika shule za kitaifa na wale waliozikosa kwa alama chache tu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014: katika mtihani wa kumaliza sekondari, wale walioponea hawakuonekana kuwazidi waliokosa. Shule zile zinang'aa zaidi kwa sababu zinapokea waliokwisha kung'aa. Bila shaka zina mengine ya kumfaa mtoto, umeme wa kusomea usiku, maabara, marafiki wa kudumu, na utafiti ule unawahusu walio mpakani, hauwahusu walio kileleni. Lakini haumpi mtu sababu ya kulia kwamba binti asipokwenda Kilakala maisha yake yamekwisha.

Na kuwekwa katika chumba cha vipanga kuna gharama kwa vipanga wenyewe. Herbert Marsh, mwanasaikolojia wa elimu aliyefanya kazi zake nyingi Australia, alionyesha kwamba mtoto hujipima kwa waliomzunguka: akiwa na uwezo uleule, atajiona hodari katika kidimbwi kidogo na dhaifu katika kidimbwi cha samaki wakubwa. Kati ya hao 45, mmoja atakuwa wa 45 kila mtihani. Wale watano wa juu nao wataanza kuishi kwa sifa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji; nimewaona watoto wa aina hiyo wakikataa kujaribu swali gumu kwa hofu ya kupoteza jina walilopewa.

Basi pendekezo gani ulipeleke? Mikondo mitatu ibaki kama ilivyo, imechanganyika, kwa sehemu kubwa ya siku. Mchague kipindi kimoja cha kila siku, ambacho mikondo yote mitatu itakuwa na somo moja kwa saa moja, siku tatu kusoma na siku mbili Hisabati. Katika saa hiyo watoto wahame vyumba kwa kufuata mahali walipo katika somo hilo, si kwa jumla ya alama zao zote, kwa hiyo yule muuza mayai wangu angekuwa chumba kimoja Jumatatu na chumba kingine Alhamisi. Shirika la Pratham la India limefanya kazi kwa namna hii kwa miaka mingi, likiwapanga watoto wa madarasa tofauti kwa kiwango chao cha kusoma kwa saa moja au mbili kwa siku, na Zambia nayo imeuchukua utaratibu huo. Mtoto apimwe kwa kusikilizwa akisoma aya moja, dakika mbili zinatosha, na kila mtoto apimwe, asisubiri kutajwa.

Ukubwa wa makundi uwe kinyume cha ule wa pendekezo la sasa. Wenye kasi ndio wanaoweza kujifanyia kazi, kwa hiyo kundi lao liwe kubwa, tuseme 96. La kati 90. Na la wanaokokoteza 60, ambao kila mmoja anahitaji kusikilizwa akisoma. Walimu wenu wawili mahiri wapokezane, na angalau mmoja wao awe na wale 60 kila wakati. Kila baada ya wiki nane watoto wote wapimwe tena na wahamishwe, na kamati iletewe idadi ya waliohama. Ikiwa muhula umekwisha na hakuna aliyehama, mjue mmetengeneza mikondo ya kudumu kwa jina jingine.

Utaratibu huu una kero zake, na ni heri uzitaje mwenyewe kabla ya kutajiwa. Kuhamisha watoto 246 kunakula dakika kumi na kunatoa vumbi. Walimu watatu lazima wakubaliane ratiba, na mmoja akikosekana saa nzima inavurugika. Watoto pia watajua kundi lipi ni lipi. Hata mkiyaita Twiga, Tembo na Simba, ikifika saa nne asubuhi ya siku ya kwanza kila mmoja atakuwa amekwisha kujua. Tofauti ni kwamba kundi la saa moja ambalo mtoto anaweza kulihama baada ya wiki nane halimwandiki usoni kama mkondo wa miaka miwili na nusu.

Mwalimu wa taaluma anaweza kukwambia kwamba hapimwi kwa watoto waliojifunza kusoma, anapimwa kwa wangapi wamepata A. Nampa haki. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwezi Januari 2023, lakini mashindano ya kata na halmashauri hayakuisha siku hiyo, na mwalimu anayabeba kila siku. Hapo kamati ina kazi: muulizeni kila muhula wangapi wametoka kundi la 60, na mumpongeze kwa hilo mbele ya wazazi kama mnavyompongeza kwa A.

Kuhusu mtoto wa dada yako, usingoje kikao. Anza na macho na masikio, kwa kuwa ni rahisi na husahaulika: mpeleke hospitali ya wilaya akapimwe, hasa ikiwa anasogeza kitabu karibu na uso, anainamisha kichwa upande mmoja au anahitaji kuitwa mara mbili. Kisha mpe kitabu cha darasa la pili, bila kumwambia ni cha darasa la pili, umsikilize dakika ishirini kila jioni. Akiteleza mtajie neno, aendelee. Kama ni shule ya kijijini iliyomwacha nyuma, utaona mabadiliko ndani ya miezi miwili au mitatu. Usipoyaona, au ukiona anachanganya herufi zilezile kila siku huku akieleza hadithi kwa mdomo vizuri kabisa, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, umwombe upimaji. Hilo halifanyiki kwa barua kwangu. Na akiwa kimya kupita kawaida, halali au hataki kula, kumbuka kwamba amefiwa na mama, amehama kijiji na amebadilisha shule. Zungumza kwanza na mwalimu wa malezi, na hali ikiendelea umpeleke kwa daktari. Vivyo hivyo binti yako, siku atakapoanza kulia kwa sababu ya kuwa wa nne.

Nyumbani wasilinganishwe, hata kwa mzaha, hata na bibi yao. Mwache binti yako amuulize mwenzake maswali ya Hisabati kwa mdomo wakiwa wanaosha vyombo. Unaweza kushangaa ni nani atakayejibu kwanza.

Na siku ya kikao, kabla hamjapiga kura, omba orodha isomwe kuanzia jina la 40 mpaka la 50, kila jina na alama zake na tarehe ya kuzaliwa. Kisha mwombe mwalimu wa taaluma awaeleze wajumbe ni kitu gani mtoto wa 45 anakijua ambacho wa 46 hakijui.